Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii naanza kwa kutubu, maana andiko hili limenichapa mimi kwanza.

Jumatatu jioni baba aliniambia, "Tarehe 9 wenzangu tunakutana. Utanipeleka?" Baba alipigana Vita vya Kagera. Nikamjibu kwamba kwa mvua hizi barabara ya kwetu ni tope tupu, nyonga yenyewe inamsumbua, na mikutano ya wastaafu kila mwaka ni maneno yale yale. Hakubisha. Asubuhi ya Sikukuu ya Uhuru nikamkuta barazani, bereti kichwani, anasugua medali yake kwa majivu na kipande cha limao. Niliona aibu. Nikaenda kutafuta bajaji.

Walikuwa wazee 14 kwenye ukumbi mdogo wa usharika. Chai ipo, senene wa kukaanga wapo, kahawa ya kutafuna inapita mkono kwa mkono. Wakasali, wakaimba wimbo wa taifa, kisha mmoja akapaza sauti: "Mguu sawa!" Wapendwa, baba ambaye kila asubuhi namshika mkono atoke kitandani alisimama bila mkongojo.

Zikaletwa soda. Mzee mmoja akatoka na yake hadi mlangoni, akamimina kidogo chini, akarudi kuketi. Kijana wa kwaya aliyekuwa akigawa vinywaji akanong'ona, "Matambiko hayo." Nisifiche, hata mimi nilikwisha kuwaza hivyo. Sitetei matambiko, msinielewe vibaya. Ila pale pale 2 Samweli 23 ikanijia, nikashindwa kumeza.

Mnakikumbuka kisa. Daudi ana kiu, anatamani maji ya kisima kilicho langoni pa Bethlehemu. Mashujaa watatu wanapenya jeshi la Wafilisti, wanayateka, wanamletea. Naye hanywi. Anayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa anaiona mle damu ya watu waliohatarisha nafsi zao.

Tunapenda kusema uhuru wetu wa 1961 haukumwaga damu, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Lakini miaka 17 baadaye, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakafika hadi Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa, mama zetu wa ng'ambo ile wakakimbia na watoto mgongoni. Kati ya waliokwenda kuikomboa ardhi ile, wako ambao hawakurudi kwao. Makaburi ya mashujaa yapo Kaboya, wilayani Muleba. Ni wangapi kati yetu tumewahi kusimama pale hata kwa sala fupi?

Ndugu, maji yale tunayanywa kila siku. Tunavuna kahawa yetu, tunakesha kwenye maombi bila kusikia mzinga, watoto wanavuka Kyaka wakielekea shule wakiwa wamesinzia kwenye basi. Tunakunywa, tunafuta midomo. Na walioyateka? Tunawaketisha nyuma, karibu na spika, huku viti vya mbele vimefunikwa vitambaa vikimngoja mheshimiwa ambaye hata hatafika. Wazee wa kanisa mnisamehe, lakini hii ni dhambi na tuiite kwa jina lake. "Mwondokee mwenye mvi," Walawi 19. Na mvi hizo nyingine zimeketi barazani kwako sasa hivi. Tunawauliza ilipo hati ya shamba. Njia waliyopita hatuwaulizi. Mimi nina miaka arobaini na kitu, nimelala nyumba moja na mtu aliyepita katikati ya Wafilisti, na nilichojua kumwambia ni kwamba barabara ina tope.

Nilitaka nigusie pia Wagalatia 5:13, jinsi tunavyougeuza uhuru kuwa ruhusa ya mwili. Someni wenyewe, mnajua ninachotaka kusema.

Tukirudi kwenye bajaji nilimuuliza baba yule mwenzake alikuwa akimkumbuka nani. Akanyamaza mpaka tukalipita soko. Kisha akanitajia majina mawili, na kijiji cha kila mmoja. Huyo wa pili, akasema, soda hakuipenda kabisa, alikuwa mtu wa chai.