Kapata 92 na bado analia

Mdogo wangu yuko fomu tuu, akipata 92 analilia zile 8 alizokosa, mwanzo nilidhani ni bidii tu kumbe mtoto anaumia. Akaanza kukwepa marafiki zake, simu hapokei, chakula anagusa tu, eti wakimzoea watagundua hana akili kihivyo. Wanasaikolojia wa Kanada, Hewitt na Flett, toka 1991 walishaielezea hii hali ya kuamini watu hawatakukubali mpaka uwe huna kosa hata moja, sasa ukiishi hivyo unaweza kujitenga, na upweke nao unaweza kuleta sonona. Na sisi nyumbani tulichangia jamani, kila siku "umekuwa wa ngapi?" Siku hizi namuuliza leo umecheka na nani. Jana kanitajia jina moja.