Taa Inawaka, Mota Imenyamaza

Goma, Jumanne usiku

Drili ya betri ikiletwa mezani, taa yake inawaka lakini mota haisemi kitu, imeshatoa nusu ya jibu kabla ya skrubu kufunguliwa. Ile taa hula umeme kidogo mno. Mota, kwa upande wake, ikianza kuzunguka huvuta makumi ya ampea. Kwa hiyo taa kuwaka kunaonyesha kwamba waya umeshika, basi. Hakuonyeshi kwamba betri ina nguvu. Hapo ndipo wengi hupotea. Wanapima betri ikiwa juu ya meza, mita inasoma volti 19, wanaitangaza nzima, kisha wanaanza kuchokonoa swichi isiyo na kosa.

Volti zisizo na mzigo ni maneno matupu. Mzigo wa bei nafuu ni balbu ya taa ya mbele ya lori, volti 24, wati 70. Iunganishe na betri huku mita ikisoma. Betri nzima ya volti 18 itashuka kidogo tu, chini ya volti moja. Ikiporomoka kupita hapo, iache drili, fungua betri.

Ndani mna seli tano mfululizo, au jozi tano kama betri ni nene. Kila moja ni volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2, zote tano, 21. Betri iliyoandikwa 20 ina seli tano zilezile, kilichobadilika ni karatasi ya nje. Pima seli mojamoja. Sura inayojirudia ni hii: nne ziko 3.8, ya tano iko 2.3, na chaja inakataa yote kwa sababu ya huyo mmoja. Bodi za ulinzi, yaani saketi ndogo za ndani ya betri zinazolinda seli, nyingi hazisawazishi seli, na nyingine hujilisha kwa seli moja au mbili tu, kwa hiyo betri iliyowekwa kabatini miezi mingi hunyonywa upande mmoja.

Seli iliyobaki juu ya volti 2 hupewa ampea 0.2 peke yake hadi ifike 3.0, kidole kikiwa juu yake. Ikipata joto, acha. Baada ya kujaza betri yote, iache siku nzima kisha pima tena. Seli iliyoanguka kuliko wenzake imeharibika. Ile iliyokaa chini ya volti 2 kwa wiki kadhaa haifai kufufuliwa: shaba ya ndani huwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji inajenga njia ya shoti tumboni mwake.

Seli mpya iwe ya kutoa ampea 20 au zaidi. Zile zinazochomolewa kwenye betri za laptopu zinafanana kwa umbo, lakini hazikuundwa kwa mzigo huu. Drili itazunguka hewani vizuri, kisha ikigusa mbao inakufa. Viunganishi ni ukanda wa nikeli uliochomwa kwa mashine ya vidoti, ile inayounganisha chuma kwa cheche ya nukta moja, maana pasi ya kulehemu huipika seli.

Kabla ya kulaumu bodi, pima kihisi joto kilicho ndani ya betri. Vingi ni vya ohmu 10,000 kwenye nyuzi 25. Hapa Goma na ubaridi wetu, 12,000 asubuhi ni sawa kabisa, si ugonjwa. Waya wake ukikatika, chaja nyingi hukataa kazi, hata seli zikiwa mpya.

Kuna ujanja wa kuruka bodi ya ulinzi kwa kipande cha waya. Betri isiyo na ulinzi inaweza kuwaka moto, na kwenye mji ambao nyumba nyingi ni za mbao, sioni ni ujanja gani huo.

Betri ikiwa safi, ndipo tunakuja kwenye swichi. Drili ya makaa ya mota, yale tunayoyaita sharboni, ina transista moja kubwa inayopunguza na kuongeza mwendo. Ikizunguka kwa kasi yote hata ukibana kidogo tu, transista imepiga shoti. Ikizunguka pale tu kifyatuo kinapofika mwisho, transista au kiendeshi chake kimekatika, na kinachofanya kazi ni mguso wa pembeni unaoruka transista mwishoni. Toa betri, weka mita kwenye alama ya dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), pima transista: nzima husoma kama 0.5 upande mmoja na kutosoma kitu upande wa pili. Sifuri pande zote mbili ni maiti. Ila usiweke mpya kabla ya kupima dayodi iliyo sambamba na mota. Hiyo ikikatika, mshtuko wa mota utaua transista mpya siku hiyohiyo.

Na transista inakufa kwa nini? Mara nyingi ni jiwe jeusi la volkano. Drili ndogo isiyo na nyundo inasukumwa kwenye ukuta wa jiwe hilo, biti inakwama, kidole hakiachii. Mota iliyokwama haina kinachopinga umeme isipokuwa waya wake mwenyewe, na hapo ampea hupanda kupita zote.

Drili zisizo na sharboni zina transista sita na nyaya tatu nene. Mita ikiwa bado kwenye dayodi, pima kutoka chanya kwenda kila waya, kisha kutoka hasi. Unaosoma tofauti na wenzake ndio wenye transista mbovu. Bodi ikiwa imemwagiwa gundi ngumu, nunua nzima, usipoteze siku.

Mwisho, kwa drili ya sharboni, ile balbu ya lori irudi, safari hii mfululizo kati ya betri na drili. Ikiwaka kabla hujagusa kifyatuo, kuna shoti, na umeokoa transista. Ikiwaka hafifu unapobana na mota ikazunguka kivivu, hakuna shoti, toa balbu.