Deki Yangu ya Sidii na Vumbi la Dodoma
Deki yangu ya sidii ina miaka sita sebuleni hapa Dodoma, na adui yake mkubwa ni vumbi la kiangazi. Agosti iliyopita ilianza kurukaruka katikati ya nyimbo, kisha ikagoma kabisa kusoma. Fundi akaifungua, akaifuta kwa pamba yenye spiriti ile lenzi isiyozidi punje ya hindi, na ilimba (ala ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole) ya mwanamuziki Hukwe Zawose ikarudi kulia safi, hata ukucha ukigusa chuma nausikia. Mke wangu husema simu inatosha, lakini sidii hubeba sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kila sekunde bila kubanwa, tofauti na nyimbo nyingi za simu, na spika zangu kubwa hazinifichi tofauti hiyo. Siku hizi naifunika kwa kanga kuukuu, nami huifunua nikitaka kusikiliza tu.