Nyumba Iliyoupisha Mvule

Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko wa Usambara Mashariki, upande wa Muheza, nje ya mpaka wa hifadhi ya Amani. Siku ya kwanza nilikwenda na ramani mkononi, nikikusudia kuchimba kilima, kusawazisha na kumwaga jamvi la zege. Mzee niliyemwita kuwa fundi aliitazama kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, masika yakianza, maji yatapita wapi?"

Tulisubiri masika yapite. Ikadhihirika kwamba mkondo mmoja hupita palepale nilipotaka kuweka sebule, basi nyumba tukaisogeza pembeni na kuisimamisha juu ya nguzo fupi za zege, ili maji na majani makavu yapite chini yake. Juu ya kila nguzo tulilaza kipande cha bati kabla ya boriti. Hakiwazuii mchwa moja kwa moja, bali huwalazimisha kujenga njia zao kwa nje, ambako tunaziona mapema.

Wasanifu wengi humtaja Frank Lloyd Wright, ambaye mwaka 1935 alibuni Fallingwater kule Pennsylvania, Marekani, akaiweka nyumba juu ya maporomoko yenyewe badala ya kutazamana nayo. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini baraza zake za zege zilizoning'inia juu ya maji zililegea na kuinama, hata zikahitaji kuimarishwa mwaka 2002. Mimi humkumbuka zaidi kwa hilo.

Wageni huuliza kwa nini hatukuezeka makuti. Makuti ni ya pwani, penye jua na upepo. Chini ya kivuli cha msitu hayakauki, na huoza upesi. Tuliezeka bati, tukarefusha upenu kupita mita moja ili mvua isizipige kuta za udongo. (Kelele zake usiku wa mvua ni habari nyingine.) Mvule uliokuwapo kabla yetu tumeuachia tundu katikati ya baraza, pana kuliko shina, kwa kuwa mti hunenepa na huyumba.

Unyevu ndio haujapata dawa. Nguo zikikaa kabatini wiki moja huota ukungu, naye mke wangu ananihimiza nipunguze matawi ili jua liingie. Bado tunabishana kuhusu tawi lipi.