Siku moja maishani mwangu: fundi wa kusuka pikapu za gitaa

Saa 2 asubuhi nafungua kibanda changu Kinondoni, nafagia, napanga meza. Wapita njia wengi hudhani natengeneza redio, kumbe nasuka pikapu: kifaa cha sumaku na waya kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi za gitaa kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika.

Saa 3 nazima feni na kuanza kusuka. Waya wa shaba ninaotumia una unene wa milimita 0.063, na upepo wa feni unatosha kuuyumbisha. Mota ya cherehani inazungusha bobini, vidole vyangu vinauongoza waya. Bobini moja inabeba mizunguko kama 5,000, na pikapu ya hamubaka ina bobini mbili. Ukivuta sana waya unakatika. Ukilegeza, koili inacheza na jukwaani italia filimbi.

Saa 5 akaingia mpiga solo wa bendi ya dansi na gitaa la mahogani, mwili na shingo. Gitaa zuri kweli.

"Fundi, solo haipenyi. Nataka pikapu kali, za kilo-omu 16."

Nikamwuliza kwa nini 16. Rafiki yake anazo. Rafiki yake anapiga roki, na distoshen, ile sauti ya kukwaruza, haizimwi! Huyu anapiga sebene, kila noti inatakiwa isikike peke yake.

Nikamweleza kwamba kilo-omu ni kipimo cha ukinzani wa waya, si nguvu. Mita inapima waya tu: weka waya mwembamba zaidi, namba inapanda hata kama mizunguko haijaongezeka. Ukirundika mizunguko, sauti ya juu inakufa, na gitaa lake tayari lina sauti nene ya kati. Unene juu ya unene ni uji. Hamubaka ilibuniwa na Seth Lover pale Gibson, kampuni ya magitaa, mwaka 1955 ili kuua mvumo wa umeme. Zile zilizofungwa kwenye magitaa yao ya Les Paul ya mahogani kuanzia 1957 hupimwa, nyingi, kati ya kilo-omu 7 na 9. Akanijibu, "Hizo za zamani, kaka." Akampigia simu rafiki yake. Akaniwekea spika nimsikilize rafiki yake. Nikasikiliza. Akarudi kwenye 16. Njaa inauma, kazi ya mteja mwingine imelala mezani, naye bado ananionyesha namba kwenye simu.

Mwishowe nikachomeka gitaa langu la majaribio, lina pikapu ya 8. Nikampa apige mwenyewe. Alipiga muda mrefu, kisha akauliza bei.

Tukakubaliana: sumaku za alniko 5, aina ya aloi, pande zote mbili. Ya brijini, penye daraja la nyuzi, 8.2, kwa kuwa pale nyuzi hutikisika kidogo. Ya shingoni 7.3, ibaki wazi.

Nilipomaliza bobini ya mwisho umeme ukakatika. Pikapu huzamishwa kwenye nta ili koili isicheze, na nta haihitaji umeme: nikawasha jiko la mkaa, sufuria ndani ya maji, nta ya mishumaa iliyochanganywa na nta ya nyuki, nachunga joto lisizidi nyuzi 65 za Selsiasi maana bobini za plastiki hupinda. Mgongo ulikuwa unawaka moto.

Umeme uliporudi giza lilishaingia. Nikalehemu, nikafunga poti (vifundo vya sauti) za kilo-omu 500, nikampa gitaa. Sebene ikatoka safi, hata zile nyuzi nene zikajitenga. Nilijivuna waziwazi, na sioni haya.

Amelipa nusu. Salio Ijumaa, bendi ikishalipwa. Na kesho anamleta mpiga ridhimu wao. Naye, nasikia, anataka 16.