Doa Jekundu Chini ya Trekta Kuukuu

Trekta letu la kuchimbia mitaro lilipoanza kuacha doa jekundu kila lilipoegeshwa hapa Tororo, Uganda, mafundi wawili walikubaliana, bila hata mmoja wao kulala chini yake, kwamba sili (pete ya kuzuia mafuta yasivuje) ya konvata, kile chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi kwa njia ya mafuta, imekwisha na kwamba ni lazima injini itenganishwe na giaboksi. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na mashine ikilala haiingizi kitu. Niliwaomba wanipe siku moja.

Pale injini inapoungana na giaboksi, mafuta ya injini yanaweza kupenya kwenye sili ya nyuma ya kranki, mhimili mkuu wa injini, na ya giaboksi kwenye sili ya konvata, na yote hudondokea tundu moja lililo chini ya kasha linalofunika maungio hayo. Ya injini ya dizeli huwa meusi. Ya giaboksi yetu ni mekundu. Nilitandika katoni usiku kucha, na asubuhi nikakuta doa jekundu la upana wa sahani, basi injini ikaepuka lawama.

Katika tundu hilo huning'inia pini ndogo iliyokunjwa, ambayo hutikisika mashine ikifanya kazi ili matope yasilizibe. Niliichomoa, nikaviringisha kitambaa cheupe kwenye waya na kukiingiza ndani. Kilitoka na vumbi kavu. Kama sili ndiyo iliyokuwa ikivuja, kitambaa kingelowa. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yakiteremka kwa nje kutoka mahali pa juu zaidi.

Tulishusha ndoo ya mbele na mkono wa nyuma hadi ardhini, tukawekea magurudumu mawe, tukaosha kasha lote kwa dizeli na sabuni, na lilipokauka nikalinyunyizia unga wa muhogo, ambao mama watoto bado anauliza ulikokwenda. Injini iliunguruma nusu saa bila dalili yoyote. Ni baada ya kuchimba kidogo na mafuta kupata moto ndipo mstari mwekundu ulipojichora katika unga, ukianzia kwenye mpira unaopeleka mafuta kwenye kipoza kilicho mbele ya rejeta. Mpira ulikuwa ukisuguana na fremu, na ulikuwa umelika hadi nyuzi za ndani zikaonekana.

Kipumulio cha giaboksi, tundu la kutolea hewa, nacho kilikuwa kimezibwa na udongo wa murram, na hali hiyo huongeza shinikizo ndani mafuta yanapopata joto. Dereva, kwa upande wake, alikuwa akipima mafuta asubuhi kabla ya kuwasha injini, wakati mafuta ya konvata yameshateremka na kipimo kinadanganya kuwa yamejaa, ilhali mashine hii hupimwa mafuta yakiwa ya moto, injini ikiunguruma bila gia.

Mpira mpya niliupata Kampala, katika soko la Kisekka. Katoni bado naitandika kila jioni. Juzi nilikuta tone moja tu, tena jeusi.