Santuri ya Krismasi ya zamani: ioshe kwanza, ndipo uipige

Santuri ya okestra na kwaya ya Krismasi hupigwa wiki mbili tatu tu kwa mwaka. Muda uliobaki inakaa kabatini, na hapa Unguja muda huo una masika na vuli ndani yake. Ikitolewa Disemba ina madoa meupe kama unga. Hiyo ni kuvu. Haili plastiki, inakula vumbi, mafuta ya vidole na karatasi ya ndani ya jalada.

Ukiipiga hivyo, sindano inaushindilia uchafu ndani ya mifereji. Changanya sehemu nne za maji ya betri na sehemu moja ya spiriti ya isopropili, na matone mawili ya sabuni ya vyombo kwa lita. Soma chupa vizuri: yawe maji ya kuongezea betri, si asidi! Ya kisima yaache. Yametoka kwenye mwamba wa matumbawe, na chokaa yake ikikauka mferejini utaisikia ikitatarika. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko, lebo ya katikati isilowe. Suuza kwa maji ya betri matupu, isimamishe kivulini ikauke. Karatasi ya ndani itupe, maana kuvu itarudi kutoka humo.

Santuri za mizunguko 78, kama za Siti binti Saad, usizitie spiriti kabisa. Zile ni shelaki, yaani utomvu wa wadudu, si plastiki; kwenye spiriti zinayeyuka.

Sasa kwaya. LP, yaani santuri ndefu ya plastiki, ya inchi 12 huzunguka mara 33⅓ kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na lebo kama 21 tu. Sauti inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Na wimbo wa mwisho ndio mara nyingi wenye kwaya nzima, tarumbeta na kinanda! "S" za soprano ndizo hukwaruza kwanza. Pima uzito wa sindano, yaani inavyoikandamiza santuri. Nyingi za sumaku hutaka gramu 1.5 hadi 2. Kuupunguza uzito huo hakuilindi santuri: sindano nyepesi inarukaruka na kumega kuta za mfereji. Sindano ya ncha ya duaradufu husaidia sana hapo mwishoni. Mfereji uliokwisha kuliwa na sindano, hata uuoshe vipi, haurudi.

Mashine ya santuri ya zamani kutoka Marekani ina shida nyingine. Transfoma itashusha volti, lakini mota inayofuata umeme wa hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde) itazunguka polepole kwa hezi 50 zetu, na kwaya itashuka nusutoni tatu. Hapo inatakiwa puli, kile kigurudumu cha mota, ya hezi 50.